Alhamisi ya Tamer

Kuna wanaosaka watu kwa mbio, na kuna wanaosaka kwa kukaa. Mufleh, ambaye mtaani kwake Amman kila mtu alimwita Abu Rakan kwa jina la mwanawe wa kwanza, alikuwa wa kukaa. Miaka ishirini na miwili alikuwa askari kanzu, na alipostaafu akachukuliwa na ubalozi mmoja wa ng'ambo, katika ofisi yao ya usalama. Kazi yake ilikuwa kuwatafuta watu waliofanya maovu katika nchi ya wenye ubalozi kisha wakaja kujificha kwetu.

Mawakala wa ubalozi wenyewe walikuwa vijana wenye vifua vipana na miwani nyeusi, wamefundishwa kila kitu chini ya jua, lakini hapa kwetu hawana ruhusa hata ya kumshika mtu kiwiko. Anayekamata ni polisi wa nchi, anayefukuza ni idara ya uhamiaji. Wao huleta karatasi, huketi na maofisa wakanywa chai mpaka figo zikaomba msamaha, na siku ya mwisho hupanda ndege, mmoja kulia, mmoja kushoto, mtoro katikati. Ila kabla ya chai na kabla ya ndege, lazima awepo mtu anayejua mtoro yuko nyuma ya mlango upi. Mtu huyo alikuwa Abu Rakan, na hakuna haja ya kuficha kwamba alijivunia.

Mkuu wake, Derek, alikuwa na kompyuta tatu mezani. Abu Rakan alikuwa na msemo mmoja: ng'ombe akivunjika guu malishoni, hujikokota zizini. Mtu akiharibikiwa ugenini hurudi kwa mama yake, abadilishe jina, afuge ndevu, anyoe ndevu, ni bure. Mtafute mama, keti, subiri.

Ndivyo alivyolipokea faili la Tamer. Miaka saba nyuma, huko ng'ambo, Tamer alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita. Alitoka karamuni amelewa, akaendesha gari, akamgonga binti wa miaka kumi na mitatu aliyekuwa kwenye baiskeli. Binti aliitwa Nora. Tamer hakukimbia pale barabarani. Alikaa naye mpaka gari la wagonjwa lilipofika, na Nora alifia njiani. Alikimbia baadaye, alipopewa dhamana angoje kesi. Alipanda ndege, akapotea. Na kila mwaka, siku ya kuzaliwa kwa Nora, baba yake aliuandikia ubalozi barua ya maneno matatu: Je, kuna habari? Barua zilikuwa saba. Abu Rakan ndiye aliyezitafsiri, na baada ya ile ya saba aliapa kimoyomoyo kwamba ya nane haitaandikwa.

Mama yake Tamer alikuwa mwenyeji wa Salt, mji wa ngazi na mawe ya manjano, mwendo wa nusu saa kutoka Amman. Baba yake, marehemu, alikuwa mgeni. Na kwetu mama hampi mwanawe uraia, hata kama yeye na babu zake saba wamezaliwa kwenye ngazi zile zile. Angekuwa baba ndiye wa Salt, kumtoa Tamer kungekuwa kesi ya miaka. Kwa kuwa ni mama, Tamer alikuwa mgeni tu mwenye kibali cha ukaazi kilichokwisha, na mgeni wa namna hiyo hufukuzwa kwa sahihi moja.

Mwezi wa Januari, baridi ikiwa ya kukata masikio, Abu Rakan aliletewa fununu kwamba kuna kijana Salt anatengeneza hita za gesi chini ya nyumba ya mjane mmoja. Akachukua koleo, akailegeza vali ya hita ya nyumbani kwake mwenyewe, mkewe akipiga kelele kwamba mzee amepata wazimu, akaipakia garini.

Tamer alikuwa mwembamba, mcheshi, mikono myeusi kwa masizi. Aliigeuza ile hita mara moja tu.

"Mzee, hii haikuharibika. Imeharibiwa. Una adui nyumbani?"

"Ninaye. Mwaka wa thelathini na moja huu namlisha," alisema Abu Rakan.

Kijana akacheka, akakunja mikono ya sweta ili afanye kazi, na kwenye kifundo cha mkono wa kushoto likaonekana lile kovu la moto lililoandikwa kwenye faili. Kazi ilikuwa imekwisha hapo. Mtu mwenye akili angeichukua hita yake akaenda zake. Lakini mvua ilikuwa inamwagika, na mama wa Tamer aliita kutoka juu kwamba chakula kiko tayari na mgeni asitoke na tumbo tupu katika hali ile. Kukataa ni tusi. Na tuseme kweli, alikuwa na njaa.

Akala. Dengu zilizopikwa kwa mtindi, mkate wa moto, vitunguu vibichi. Umm Tamer, yaani mama yake Tamer, alimsogezea kila kilichokuwa laini, akamuuliza kama viatu vyake vimelowa, na mwishowe akauliza lile swali ambalo kila mama wa kwetu humuuliza kila mgeni: yeye ni wa watu gani?

Abu Rakan alikwisha kuwaambia anaitwa Abu Samir. Jina la uongo lilikuwa kazi yake, na alilitoa kila siku bila kupepesa macho. Lakini kukana ukoo wako huku mkate wa watu uko mkononi ni jambo jingine, na ulimi wake haukukubali. Akasema yeye ni wa akina Dhiyab, wa kijiji cha Umm Sidra. Ndiyo kweli. Umm Tamer akafurahi, akasema aliwahi kuwa na rafiki kutoka huko. Hakuna mwizi wala mpelelezi wa nchi nyingine ambaye angefanya kosa lile, na Abu Rakan alilifanya mdomo umejaa dengu.

Aliporipoti, Derek alimuuliza kwa nini hakuchukua kikombe chochote cha alama za vidole. Abu Rakan akamwambia kwamba kikombe cha kahawa cha nyumba ile hunywewa na ukoo mzima kwa zamu. Wangekipima wangelazimika kuikamata Salt yote. Wakacheka. Karatasi zikapelekwa uhamiaji, tiketi zikakatwa, na siku ikapangwa: Jumatano, saa tatu asubuhi.

Jumatatu, baada ya sala ya magharibi, wazee watano walibisha hodi kwa Abu Rakan. Alikuwa akiwangoja wageni. Lori la jirani lilikuwa limeubomoa ukuta wake wa bustani wiki mbili nyuma, na jirani alisema atawaleta wazee wa ukoo wao waje kumaliza jambo kwa heshima. Watano hawa hakuwajua, lakini ukoo wa jirani ni mkubwa, na mgeni kwetu haulizwi jina kabla hajakaa. Nyuma yao alikuwapo mwanamke aliyejifunika shela, akaelekezwa ndani kwa Umm Rakan, mke wa mwenyeji. Hita iliwaka vizuri. Abu Rakan akamimina kahawa, akampa mzee aliyeketi mbele.

Mzee akakipokea kikombe, akakiweka chini bila kukitia mdomoni. Kila mtu kwetu anajua maana yake: tuna haja, na hatunywi mpaka itimizwe. Na kila mtu anajua jibu la muungwana. Abu Rakan alikuwa amekwisha kuusamehe ukuta moyoni tangu wiki iliyopita, na alitaka aonekane mkarimu.

"Kunyweni kahawa yenu, wazee. Haja yenu imetimia."

Mzee hakunywa. Alimtazama kwa kitu kilichofanana na huruma.

"Mungu akuongezee heshima, Abu Rakan. Mimi ni Awwad wa Salt. Tamer ni mtoto wa dada yangu."

Mlango wa ndani ukafunguliwa. Umm Tamer alisimama pale, amefunua uso. Alikuwa amepiga simu tatu tu. Nchi yetu ni ndogo: ukishasema ukoo wako na kijiji chako, kufikia magharibi watu wanajua binamu yako anafanya kazi wapi na wewe mwenyewe mshahara wako unatoka kwa nani.

Abu Rakan angeweza kusema amedanganywa, na lingekuwa neno la ajabu kutoka kwake. Akauliza wanataka nini.

"Siombi umwache," alisema Umm Tamer. "Nimechoka kumficha na yeye amechoka kujificha. Kila nikisikia baiskeli barabarani namwona anavyogeuza uso. Alhamisi asubuhi atakuja mwenyewe kwenye lango la ubalozi wenu na begi lake. Kwa miguu yake. Wakili anasema hakimu hulitazama hilo. Ninachoomba, msimfuate kabla."

"Kwa nini Alhamisi? Kwa nini si kesho?"

"Ana hita kumi na moja za watu dukani, na ni Januari. Anasema hawezi kuwaacha watu na baridi. Siku tatu, baba. Ulishatoa neno."

Alikuwa amelitoa. Akasema Alhamisi ni Alhamisi. Wazee wakanywa kahawa, wakamwombea dua, wakaondoka. Umm Rakan, aliyekuwa amesikia yote, alimwambia mumewe kwamba kesho asubuhi, kabla hata ya kuvua koti, aende akamwambie mkubwa wake. Alisema ndiyo, atakwenda.

Na Jumanne alikwenda. Alisimama mlangoni kwa Derek, hatua kumi kutoka mezani kwake, maneno yamepangwa kichwani. Derek alikuwa na furaha ya mtoto. Alisema wamempigia simu baba wa Nora, na mzee yule amekwenda tayari kukaa karibu na uwanja wa ndege wa kwao, asubiri ndege itue. Alisema hakupata kumsikia mtu mzima akilia vile kwenye simu. Kisha akauliza: ulikuwa unasemaje?

Abu Rakan alizifikiria barua saba. Alifikiria pia kwamba aliyekimbia mara moja hujua njia, na Tamer akitoroka kati ya leo na Alhamisi, baba yule atarudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu ya kikombe cha kahawa. Hayo ndiyo aliyojiambia, na yana ukweli wake. Lakini chini yake palikuwa na jingine, nalo ndilo lililomfunga mdomo: angelazimika kukiri kwamba yeye, gwiji wa kukaa, aliitaja asili yake mezani kwa mtu anayemsaka, kisha akawakaribisha jamaa zake nyumbani. Wangemcheka. Au wangemwondoa. Kwa hiyo alisema hakuna kitu, alitaka tu kujua kama gari ni lile la kijivu.

Hakulizuia jambo, na hakumpigia simu Awwad kumwambia kwamba neno halipo. Alizipita pande zote mbili kimya kimya, na siku hiyo yote aliuona mdomo wake mwenyewe kama kitu cha mtu mwingine.

Jumatano saa tatu, askari wanne wa uhamiaji walishuka ngazi za Salt. Derek alibaki garini, kama sheria inavyotaka. Abu Rakan alitangulia ili aonyeshe mlango, ingawa mlango ulikuwa wazi. Dukani zilibaki hita mbili, kila moja imebandikwa karatasi yenye jina la mwenyewe. Tisa zilikwisha kurudishwa. Kando ya ukuta palikuwa na begi jipya, limefungwa, na juu yake shati lililopigwa pasi. Tamer alikuwa amenyoa. Alipoinua kichwa hakushangaa kuwaona askari. Alishangaa kumwona aliyekuwa mbele yao.

"Abu Rakan," alisema, "leo si Jumatano?"

Ofisa akageuka. "Mnajuana?"

"Hapana," alisema Abu Rakan. "Alinitengenezea hita tu."

Tamer hakubishana. Aliomba afunge mtungi wa gesi kwanza, akaufunga, akanyoosha mikono, wakamtia pingu. Majirani walikuwa wamejaa kwenye madirisha. Umm Tamer aliteremka kutoka juu, akamshika mwanawe uso kwa viganja viwili, akamwachia. Aliinama, akaibeba hita moja kati ya zile mbili, nzito kuliko yeye, akaanza kupanda nayo ngazi kuipeleka kwa mwenyewe. Abu Rakan alitaka kwenda kumpokea. Alibaki pale mlangoni.

Ndege iliondoka na watu watatu kwenye safu moja. Baba wa Nora alimwona Tamer akipita mbele yake, na barua ya nane haikuandikwa. Ubalozi ulimpa Abu Rakan cheti chenye muhuri wa dhahabu, akakiweka juu ya kabati, kifudifudi. Sasa usinielewe vibaya: Tamer alistahili kujibu. Mtoto wa watu alikufa. Abu Rakan hakuwahi kulitilia shaka hilo hata siku moja, na ndiyo maana hatia yake haikupata pa kuegemea. Angekuwa amemshika mtu asiye na kosa, angeweza kuisingizia kazi. Lakini alikuwa amemshika mwenye kosa, na bado alijiona ameiba kitu.

Mwezi wa Machi Awwad alipiga simu. Hakulaumu. Alisema mwendesha mashtaka huko anamwambia hakimu kwamba Tamer hakuwa na nia ya kujibu kamwe, kwamba alichimbuliwa shimoni. Wakili alisema mtu mmoja tu anaweza kusema vinginevyo na akaaminika, kwa kuwa ni mtu wa upande wao.

"Mistari mitatu, Abu Rakan. Kwamba alisema atakuja Alhamisi. Kesi ni katikati ya Aprili."

Aliiandika siku ile ile. Mistari mitatu, tarehe, sahihi. Ilikuwa barua nzuri. Aliitia katika mfuko wa ndani wa koti, na kila asubuhi alikwenda nayo kazini. Kila asubuhi palikuwa na sababu. Derek ana wageni. Derek ana mafua. Leo ni Jumapili, mwanzo wa wiki, si vizuri. Koti lilikwenda kwa dobi, akaitoa barua, akairudisha. Mkewe aliacha kuuliza. Umm Rakan akiacha kuuliza jambo, ujue amekwisha kulijibu mwenyewe.

Jumapili moja ya Aprili Derek alimwita. Hukumu ilikuwa imesomwa Ijumaa: miaka kumi na mmoja. Hakimu alisema mtu aliyengoja mpaka akaburutwa hawezi kuomba ahesabiwe toba. Derek hakushangilia; alilisema polepole, kama mtu anayeitua ndoo nzito. Ndipo Abu Rakan alipotia mkono mfukoni.

Derek aliisoma mara mbili.

"Hii tarehe ni ya mwezi uliopita."

"Ndiyo."

"Ilikuwa wapi?"

"Hapa." Akalishika koti, kisha akasimulia yote, tangu meza ya Salt hadi kikombe cha wazee.

Alitegemea afokewe kuhusu wazee na kahawa, kuhusu ukoo. Derek hakuligusa hata moja.

"Ningengoja, Abu Rakan. Siku moja? Ningeweka mtu wa kuitazama nyumba, nikangoja. Unadhani napenda kumvuta mtu kwa pingu mbele ya mama yake? Ungeniambia tu."

Barua ilipelekwa kwa wakili, iambatanishwe na rufaa, isomwe siku ikipatikana. Kadi ya Abu Rakan ya lango iliacha kufungua mlango wiki ile ile, na hakuona ajabu. Jambo lililomuuma usiku na mchana ni lile neno moja la mgeni, ningengoja. Alikuwa amejijengea ukuta, akauogopa, kumbe nyuma yake hapakuwa na mtu.

Mwishoni mwa Aprili alikwenda Salt, peke yake. Ngazi zilikuwa na jua. Duka lilikuwa limefungwa. Umm Tamer alifungua mlango wa juu na kusimama hapo hapo, naye Abu Rakan hakungoja kukaribishwa. Alisema yote akiwa amesimama. Alisema Jumanne ile alifika mlangoni kwa mkubwa wake akarudi. Alisema habari ya barua, wiki tano mfukoni. Alisema miaka kumi na mmoja, ingawa alijua Awwad amekwisha kumwambia. Alisema mkubwa wake angengoja. Hili la mwisho angeweza kumficha, lakini alikuwa amechoka kuficha.

Umm Tamer alisikiliza mpaka mwisho, mkono wake kwenye kitasa.

"Ulikuwa unajua ni haki yake?"

"Nilijua."

"Na ulitaka kusema."

"Kila siku, hajjah. Wallahi, kila siku."

"Basi nini kilikuzuia?"

Alitafuta jibu la mtu mzima, la askari wa miaka ishirini na miwili.

"Niliogopa," alisema.

Akamtazama bila hasira, kama anavyotazamwa mtu wa nyumbani aliyerudi na aibu.

"Basi sasa," alisema Umm Tamer, "unamjua mwanangu."